Habari Nilizozitanguliza

Tulimsomea khitma Mbarouk siku ya Ijumaa baada ya alasiri, Mkunazini, katika ukumbi wa chini wa nyumba iliyokuwa ya marehemu shangazi yake. Yeye mwenyewe kazikwa huko huko Ulaya alikofundisha miaka yote, kwa hiyo hapakuwa na jeneza wala kaburi la kwenda kusimama. Palikuwa na majuzuu, ubani na sinia za pilau. Pilau ilitoka kwangu. Watu husema Juma anapenda kujisifu, na hawakosei: mtu aliyeacha skuli darasa la nne, akaanza maisha kwa kuziba mipira ya baiskeli, na leo ana maduka mawili ya vifaa vya ujenzi na malori matatu, akikaa kimya nani atamsemea? Basi tulipokwisha kula, mpwa wa marehemu, kijana mwalimu wa sekondari, alisimama na kitabu mkononi, kitabu alichokiandika Mbarouk kutokana na kazi yake ya udaktari, akatufasiria ukurasa wa mbele, ule wa shukurani. "Na kuliko wote," akasoma, "namshukuru rafiki yangu Juma wa Kikwajuni, aliyekuwa miguu yangu na masikio yangu vijijini. Bila ya ukweli wake kazi hii isingesimama." Ukumbi mzima ukanigeukia. Mzee aliyekaa kando yangu akanipiga begani: "Mashaallah! Kumbe na wewe umo kitabuni, bwana, na hujatwambia hata siku moja!" Kweli, sikuwahi kusema. Mimi niliyemwambia kila mtu nilivyolipata lori la kwanza, hilo sikuwahi kulisema. Nilitabasamu, nikajibu, "Tulikuwa vijana," nikaenda kutafuta viatu vyangu.

Katika sura zilizotangulia nimeeleza nilivyopata kibanda, nilivyopata duka, nilivyowanyamazisha waliosema sitafika popote. Mwaka mmoja niliuruka. Binti yangu anayenipigia chapa maandishi haya aliniuliza, "Baba, mbona hapa kati pana pengo?" Nikamwambia mwaka ule haukuwa na kitu. Leo nimemwambia atie karatasi mpya kwenye mashine.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uchaguzi wa kwanza, wakati watu walikuwa bado wanakunywa kahawa benchi moja bila ya kuulizana chama. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na kibanda cha kutengeneza baiskeli Kikwajuni. Mbarouk tulikaa deski moja mpaka darasa la nne. Mimi nikatoka, yeye akaendelea, akaendelea, mpaka akapelekwa Ulaya. Akarudi kwa mwaka mmoja tu, kutafuta habari za kuandikia shahada ya udaktari wa historia. Neno hilo lilitupa kazi kwenye benchi la kahawa. "Daktari wa historia?" akauliza muuza kahawa. "Anatibu nini?" Mshona viatu akamjibu, "Anatibu waliokwisha kufa." "Basi hatakosa wagonjwa, na hakuna atakayelalamika kwamba dawa haikufanya kazi." Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Siku ya pili Mbarouk mwenyewe akaja kibandani, kavaa suruali ya sufu na soksi katika jua lile, jasho linamtiririka shingoni, akaniambia, "Juma, unazijua njia za shamba, upande wa mashariki?" Nikamwambia, "Mie ndiye niliyezichora." Nilikuwa nimefika Chwaka mara mbili katika maisha yangu, mara zote mbili kupeleka magurudumu.

Akaniajiri. Tangu siku ile asubuhi zangu zikawa Mkunazini, chumba cha juu, kwa Bi Zuwena, shangazi yake aliyemlea. Nakiona chumba kile sasa hivi. Kitanda kimesogezwa ukutani, na katikati Mbarouk kaweka mlango mkongwe juu ya masanduku mawili, ndiyo meza yake, na misumari ya shaba ya mlango bado imo, ukiegemea inakuchoma kiwiko. Madaftari yamepangwa kwa rangi. Dirishani unasikia wanawake wa nyumba ya pili wakigombana juu ya ndoo ya maji, na Mbarouk ananyamaza kuwasikiliza, kisha anaandika. "Huyo ana haki," anasema, "maji ni yake." Bi Zuwena akiita kutoka uani, "Juma!" naitika "Naam!" nashuka kupokea sinia: mkate wa kumimina na chai asubuhi, adhuhuri wali na mchuzi wa papa, au boko boko kama kuna mgeni. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, na anapokuwekea chakula hukaa akutazame mpaka umalize. "Kuleni," alikuwa akisema, "historia hailiwi."

Ni juu ya sinia hiyo Mbarouk alinieleza kazi yake, na mpaka leo sijasikia mtu akaeleza kazi kwa raha vile. Alivunja mkate vipande vitatu akaviweka mbali mbali. Hii Marumbi, hii Uroa, hii Pongwe. Vijiji vitatu vya pwani ya mashariki, mwamba mtupu, maji ya shida. Alitaka kujua zamani watu wale waliishije: nani alichimba visima, nani aliruhusiwa kuteka, ugomvi ulimalizwaje kabla ya serikali yoyote kuwafikia. "Walimu wangu kule wanasema watu wale hawakuwa na utaratibu wao wenyewe," akaniambia. "Mimi naamini walikuwa nao. Lakini kuamini si kazi. Nikisikia jambo kwa mtu mmoja, hiyo ni hadithi. Nikilisikia vijiji viwili, pengine. Nikilisikia vitatu, na hakuna aliyeambizana na mwenzake, huo ni ushahidi, Juma, nautia mkobani nasimama nao mbele ya mtu yeyote." Nilimtazama akila kile kipande cha Pongwe, nikajiambia: huyu atapata udaktari wake, na atakayempatia ni mimi.

Shamba huendi kuwauliza wazee mambo bila ya kutanguliza habari. Anatangulia mtu, anawaona wakubwa wa kijiji, anasema mgeni fulani anakuja siku fulani na haja yake ni hii, ili wenyeji wapate kujitayarisha. Kumfikia mtu ghafla ni kumtia aibu. Pengine hana hata mkeka mzuri. Kazi hiyo ya kutangulia ndiyo niliyopewa. Alhamisi nilipanda baiskeli, masaa matatu ya vumbi mpaka Chwaka, kisha kuisukuma kwenye mchanga, nikafika Marumbi nikasema: Jumamosi anakuja Bwana Mwalimu kuuliza habari za zamani. Wakasema karibu. Na Jumamosi walitukirimu kweli kweli, wali, pweza wa nazi, dafu kwa kila mtu. Bibi mmoja alimwonyesha Mbarouk goti lake, kwa kuwa kasikia ni daktari, na Mbarouk akalishika lile goti akamwambia alikande kwa maji ya moto. Kisha akafungua daftari.

"Kisima hiki alikichimba nani, mzee wangu?"

"Wazee," akasema Mzee Vuai, mkubwa wao.

"Wazee gani?"

"Wazee wa zamani."

"Zamani lini?"

"Zamani. Kabla yetu."

Ikawa hivyo saa nzima. Mzee Vuai anajifuta uso kwa kanga ya mkewe, wenzake wanatazama chini. Mwishowe akasema, "Mie ninachokijua ni kimoja. Hapa mtu hanyimwi maji, hata awe tumegombana naye." Mbarouk macho yakamng'aa, akaandika mistari miwili, akashukuru kama aliyepewa dhahabu. Lakini tulipokuwa tunaondoka nilisikia nyuma yetu mtoto mkubwa wa Mzee Vuai akimsema baba yake: "Mgeni katoka Ulaya, baba! Kafunga safari! Nyinyi mnamwambia wazee wa zamani?" Nikageuka. Mzee alikuwa kainama, anachora mchangani kwa kidole.

Hapo ndipo nilipokosea, na nilikosea kwa kudhani natenda wema. Nilifikiri hivi: wale watu wangekuwa hawakuambiwa kuna mgeni, pweza asingekuwapo. Pweza kapatikana kwa sababu niliwaambia mapema, mtu akashuka pwani akamtafuta. Maneno je? Nani aliwaambia mapema ni maneno gani yanatakiwa? Wamelisha tumbo la mgeni, daftari lake limeondoka na njaa, na fedheha hiyo nimewaletea mimi. Basi Uroa sitafanya hivyo. Uroa nitawaambia.

Alhamisi iliyofuata nikakaa na wazee wa Uroa, wanne, mkubwa wao akiitwa Mzee Ame, mtu mpana mwenye sauti ya muadhini. Nikawaeleza kwamba Mwalimu atauliza juu ya kisima, na kwamba Marumbi wameshasema mtu hanyimwi maji. Wakatazamana.

"Marumbi wamesema hivyo?" akauliza Mzee Ame.

"Wamesema."

"Na aliyekichimba wamemtaja?"

Ningejibu hapana, mambo yangekwisha. Lakini nilimwona usoni. Alikuwa hataki kushindwa na Marumbi. Na mimi nimekaa pale, mtu wa mjini, mwenye baiskeli, mwenye kutumwa na msomi, sikutaka kuonekana sina kitu. Nikasema, "Wamemtaja. Fundi Songoro."

Fundi Songoro alikuwa babu yake baba yangu. Hakuwahi kutia mguu Uroa, nijuavyo mimi. Alikuwa mchoma chokaa Kikwajuni, na jambo moja tu nililolisikia juu yake ni kwamba akilitia jiwe motoni linatoka unga. Kutoka hapo ulimi wangu ukaenda wenyewe. Nikawaambia wazee wale kwamba Fundi Songoro aliuwashia mwamba moto siku saba, kisha akaumwagia maji ya bahari, ukapasuka, maji matamu yakatoka. Akafanya hivyo vijiji vitatu. Na ujira wake akaukataa. Akataka kiapo tu, kwamba katika vijiji hivyo vitatu hakuna atakayenyimwa maji, hata kwa damu iliyomwagika. Nilipomaliza nikaogopa. Kisha Mzee Ame akajipiga paja. "Songoro! Jina hilo nnalisikia! Babu alikuwa akilitaja." Mwenzake akakunja uso kama anayetazama mbali: "Si ndiye aliyekuwa na kengeza?" Nikasema, "Huyo huyo."

Mlangoni alikuwa kakaa bibi mmoja anasuka ukili, Bi Mwana, dada yake Mzee Ame kwa mama. Alisema bila ya kuinua kichwa, kwa lugha yao ya shamba ambayo mimi naiweka hapa kwa lugha ya mjini: "Kisima kile hakuchimba mtu. Kile ni pango. Bibi yangu kalikuta, na bibi yake kalikuta. Kazi yetu ilikuwa kutoa mchanga na kutia ngazi."

"Bi Mwana," nikamwambia kwa upole, "mgeni anatoka mbali."

"Na pango limetoka mbali zaidi," akasema, akakata ukili kwa meno.

Jumamosi Mzee Ame aliisimulia hadithi yangu kunishinda mimi. Alitia moshi, alitia wanawake waliobeba maji ya bahari kwa vichwa, alitia jina la mke wa Songoro. Mbarouk alijaza ukurasa baada ya ukurasa. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimevimba kifua, kwa sababu babu yetu wa chokaa alikuwa anaingia katika historia, na atakayemsoma hatajua tumetoka wapi wala tumeanzaje. Ndipo Bi Mwana akasema kutoka ndani, nyuma ya pazia, "Mwanangu, unaandika uongo."

Mbarouk akainua kalamu. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Uongo upi, bibi yangu?"

Akamwambia. Pango, mchanga, ngazi. Maneno yale yale, hakuongeza wala hakupunguza. Wazee wakainama. Mbarouk hakuwa mtu wa kupuuza, aligeuza ukurasa mpya, akaandika kichwa cha maneno, akanigeukia mimi, kwa sauti ya chini: "Juma, huyu bibi ni nani? Anasema tofauti na wote." Nikamsogelea sikioni, lakini sauti yangu haikuwa ndogo kama nilivyodhani. Nikasema, "Mwache, maskini. Kapotewa na fahamu. Juzi kaniita mimi jina la mumewe aliyekufa." Hakuniita jina lolote. Nililibuni papo hapo, na nililibuni vizuri. Mbarouk akalitazama lile pazia kwa huruma, akaandika maneno machache, akapiga mstari chini. Hakuna mzee hata mmoja aliyefungua kinywa. Nyuma ya pazia nikasikia, "Mie?" Hilo tu. Si kwa hasira. Kama mtu aliyeitwa na hajui nani kamwita.

Pongwe haikunipa taabu. Nilipofika kutanguliza habari, maneno ya Uroa yalikuwa yameshafika, na walikuwa na Songoro wao tayari, mrefu zaidi. Kisha tukarudi Marumbi, na Mzee Vuai, ambaye sasa nilikuwa nshampitia, akakumbuka yote, ujana umemrudia usoni, mtoto wake kakaa kando anaitikia kwa kichwa. Tulipokuwa tunarudi Chwaka Mbarouk alikaa juu ya jiwe, akavua viatu, akavua zile soksi, akacheka peke yake mpaka machozi. "Vijiji vitatu, Juma! Vitatu, na hakuna aliyemsikia mwenzake! Walikuwa na mapatano yao. Walikuwa na sheria yao ya maji, na hakuna mfalme aliyewapa." Akanikumbatia. Nilinuka jasho na grisi, naye akanikumbatia. Mtu akiniuliza katika maisha yangu yote ni lini niliona haya mpaka mifupani, si pale nilipodanganya. Ni pale nilipokumbatiwa.

Ilibaki miezi mitatu aondoke. Adhuhuri moja tunakula ndizi za nazi, Mbarouk anamsomea shangazi yake aliyoyaandika, Bi Zuwena akamkatiza. "Fundi Songoro? Juma, hilo si jina la babu yenu, wa tanuri la chokaa?"

Mbarouk akaweka karatasi chini.

"Majina hufanana, Bi Zuwena," nikasema.

"Hufanana," akasema yeye, "na kuchoma mawe pia kunafanana?"

"Juma," akasema Mbarouk. "Hebu nitazame. Kule ulikokuwa ukitangulia, uliwaambia nini?"

"Niliwaambia unakuja."

"Tu?"

Nilikuwa na tonge mkononi. Nakumbuka mchuzi ulinichuruzika mpaka kifundoni. Nilijua kwamba nikisema ukweli sasa, miezi yake yote tisa imekwenda, ataanza upya na wakati haupo. Nilijiambia namfichia kwa faida yake. Huo nao ulikuwa uongo, niliojidanganya mwenyewe. Nilificha kwa sababu katika chumba kile, kati ya madaftari yale, nilikuwa mtu, na nikisema nitarudi kuwa fundi baiskeli.

"Wallahi," nikasema, "tu."

Mbarouk akashusha pumzi. Alitaka kuniamini, na mtu akitaka, hakuna kazi rahisi kama hiyo. Bi Zuwena akainuka na sinia. "Haya," akasema, "kala yamini." Tangu siku ile aliendelea kunilisha, wala hakunipunguzia hata kipande cha samaki, lakini hakuniita tena jina langu. Chakula kikiwa tayari aliita jina la Mbarouk peke yake.

Nilimsindikiza bandarini, nikambebea sanduku la madaftari kichwani. Baada ya nusu mwaka ikaja barua. Walimu wake wameisifu kazi, lakini mmoja wao ana shaka: vipi vijiji vitatu vitoe maneno kwa kinywa kimoja? Udaktari umesimamishwa mpaka jambo hilo lijibiwe. Mbarouk akaniomba nirudi Uroa, na safari hii nisitangulize habari. Nifike tu, niulize kama asiyejua, kisha nimwandikie nilichokisikia, liwe zuri au baya. "Na yule bibi pia," aliandika, "kama yu hai, muulize tena. Amekuwa akinijia akilini." Mwisho akaandika kwamba ananiamini kama mkono wake wa kulia.

Barua hiyo nilikaa nayo siku nne. Baiskeli zilikuwapo kibandani, tano, zote zangu au za wateja, na njia nshaijua sasa. Sikwenda. Nilichukua kalamu nikaandika kwa mkono wangu mwenyewe, herufi kubwa kubwa za darasa la nne: nimefika, nimeuliza, wamesema yale yale, na bibi hali yake imezidi, hajui hata mchana na usiku. Nikatia stempu. Kwa karatasi ile walimpa udaktari wake. Bi Zuwena aligawa sharubati mtaa mzima, na mimi kikombe changu kililetwa na jirani.

Mbarouk hakurudi kuishi. Alipata kazi huko huko, kisha mambo ya nchi yakageuka, akaona bora abaki. Kila Idi alinitumia kadi, nami kila Idi nilimjibu habari za maduka. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia mara ishirini na zaidi, na kila mara nikamwandikia bei ya saruji.

Siku tatu baada ya khitma nikaendesha gari mwenyewe mpaka Uroa. Dereva ninaye, sikutaka anisikie. Wale wazee wanne wote wamekufa. Nikapelekwa kwa Haji, mjukuu wa Mzee Ame, ndiye anayesimamia mambo ya maji sasa, nikamkuta barazani na watu sita saba. Nikasema yote. Nilianzia Marumbi nikaishia kwenye barua, bila ya kujipamba. Haji alinisikiliza vizuri, kisha akaanza kucheka, na wenzake wakamfuata.

"Mzee Juma, sie tunakujua! Lori zuri Unguja nzima, lako. Duka kubwa, lako. Sasa na historia yetu umetutungia wewe?"

"Nakwambia kweli, mwanangu. Songoro ni babu yangu."

"Enhe! Na kuchimba kachimba babu yake!" akasema mmoja, wakazidi kucheka.

Na mimi, tazama uhodari wangu, nikacheka nao. Haji akajifuta macho akaniambia kwa heshima kwamba mwaka jana wamegombana na Pongwe kwa ajili ya bomba, panga zimetoka nje, na kilichowarudisha ni kile kiapo. Wazee wa pande zote walikwenda kisimani wakamtaja Songoro, watu wakaenda zao. "Sasa unataka nikawaambie Pongwe kiapo kile kimetoka kwa fundi baiskeli?"

Nikamuuliza, "Alikuwapo mtu mmoja aliyekataa. Bi Mwana, ndugu yake babu yako. Unamsikia?"

"Yule aliyepotewa na fahamu?" akasema mara moja. "Kafa mie mdogo. Lakini nani hamjui? Hata kitabuni yumo. Mwalimu wa skuli alitufasiria: palikuwa na bibi mmoja akili zimemtoka, akisema kisima ni pango. Vitukuu vyake mpaka leo watoto wenzao huwaita watu wa pangoni."

Niliomba nionyeshwe nyumba. Alinikaribisha mjukuu wake, Mwanaisha, mwanamke wa miaka arubaini hivi, anachambua mchele. Alinipa kigoda. Nikamwambia, na safari hii nilianza na bibi yake: kwamba alikuwa na akili timamu kuliko sote, kwamba aliyesema vinginevyo ni mimi, na nilisema kwa sababu alisema kweli. Hakucheka. Aliendelea kuokota vijiwe katika ungo mpaka nikamaliza.

"Mama yangu," akasema, "alikufa anaogopa. Kila akisahau kitu, ufunguo, chumvi, alikuwa analia. Akisema ndiyo yanamwanza, kama bibi."

Nikasema nimekuja kuomba radhi.

"Mie nshakusikia," akasema. "Lakini mie si niliyeambiwa kwamba bibi ni mwendawazimu. Walioambiwa ni wao." Akaweka ungo chini. "Ijumaa, baada ya sala, utasimama msikitini uyaseme haya? Ukaapa?"

Barazani kwa Haji nilisema nikachekwa, na kuchekwa kulikuwa mahali pa kujificha. Msikitini, kwa yamini, hakuna atakayecheka. Wangeniamini. Mbarouk, aliye kaburini, udaktari wake ungeanguka. Pongwe na Uroa wangetafuta kiapo kingine. Na jina langu, ambalo nimelijenga tofali kwa tofali kwa miaka thelathini, lingekuwa jina la mtu yule aliyemzulia bibi wazimu. Yote hayo yalinipitia kichwani na yote yalionekana sababu nzuri. Mwanaisha alikuwa ananingoja.

"Ijumaa," nikamwambia, "nna mzigo unaingia dukani."

Akachukua ungo wake akaendelea na mchele. Alinisindikiza mpaka garini, kama inavyompasa mtu mwenye mgeni, na akanitakia safari njema.

Tangu siku ile zimepita Ijumaa tano.